Beki Adelard na Mguu Uliovunjika Jumapili

Mheshimiwa Padri, wazee wetu wa Bukoba na wazee wetu wenyeji wa hapa, majirani wa Kinondoni, wafanyakazi wa Ghala, wachezaji wa zamani na wa sasa, Tumsifu Yesu Kristo, na kwenu ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Poleni kwa jua, na waliokosa mkeka watuwie radhi, historia hii si fupi.

Aliyeiandika na anayeisoma ni mdogo wa marehemu, Gozbert, na humu ndani atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, kwa sababu akisema mimi hatafika mwisho. Jana alasiri familia ilikaa kikao, na pakatokea ubishi juu ya mahali pamoja tu, mahali pa mguu, ambapo Gozbert aliwaambia ndugu zake jambo alilolificha miaka kumi na tisa. Baba mdogo Gaspar, aliyekuja kutoka Morogoro, alisema msiba si baraza, yasomwe yale yaliyozoeleka, mtu azikwe, watu warudi makwao. Mjane, Mama Genoveva, alisema yasomwe yote, na kama Gozbert anaona haya basi ampe hiyo karatasi atasoma yeye. Kwa hiyo yatasomwa. Mtu anayehusika na mahali hapo amekaa kule nyuma karibu na ua wa makuti, ni Bwana Jabiri bin Hija wa Kunduchi, yeye bado hajui kitu, na familia inamwomba sana asiondoke mapema.

Marehemu Adelard Gregori Rutaihwa alizaliwa tarehe 12 Machi, 1913, huko Kanyigo, Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Gregori Rutaihwa na Mama Jovina, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alibatizwa siku ya nne baada ya kuzaliwa, wakamfuata wasichana wawili ambao hawakuvuka utoto, na tarehe 2 Oktoba, 1918, akazaliwa Gozbert. Mama yao alikuwa na kawaida ya kumkabidhi mdogo kwa mkubwa kila alipokwenda shambani, akisema shika mwenzio, na marehemu alishika.

Elimu aliianza mwaka 1921 katika shule ya misheni, akasoma hadi darasa la sita, akamaliza Desemba 1929. Ni huko alikoanza mpira, mpira wa magome ya mgomba yaliyofungwa kamba, na Padri aliyewafundisha alimweka nyuma, akisema huyu ni mrefu na hana maneno mengi. Ni kweli hakuwa na maneno mengi. Waliocheza naye wanajua kwamba hakuwa beki wa kupiga watu, alikuwa beki wa kusimama, mshambuliaji anakuja mbio na chenga zake zote, anamkuta Adelard amesimama tu, anachanganyikiwa mwenyewe na mpira unabaki chini ya unyayo wa marehemu.

Tarehe 9 Mei, 1931, alifika Dar es Salaam, baada ya kuvuka ziwa kwa meli hadi Mwanza na kupanda treni. Mwezi huohuo Bwana Mkubwa wa Ghala Kuu alimwona akicheza Mnazi Mmoja, akamwita kando ya mstari, akamwuliza unajua kusoma, akajibu najua, akamwuliza unaweza kumzuia yule winga wa mabaharia, akajibu nitajaribu. Basi, akaandikwa kazi tarehe 1 Juni, 1931. Katika daftari aliandikwa karani wa magunia, lakini kila mtu pale Ghala alijua kazi yake ni ya Jumamosi saa kumi, na kwamba siku atakaposhindwa kuicheza kazi ya Jumamosi, ile ya magunia nayo haina mtu wa kuitetea. Kwa miaka sita hakukosa mechi hata moja, na timu ya Ghala ikawa timu ya kuogopwa.

Mwaka 1935 alimleta mdogo wake mjini, wakapanga chumba Temeke, katika nyumba ya Mzee Mwinshehe, Mzaramo mwenye shamba la mikorosho, ambaye Mungu amemweka na yupo hapa leo. Mwinshehe alikuwa shabiki wa marehemu kupita kiasi, kila asubuhi akimpigia kelele kutoka uani, wewe Mhaya, umeamka au ndizi zimekulemea, Jumamosi ukinifungisha nakutoa na godoro lako. Marehemu alicheka, jambo ambalo hakulifanya kwa watu wengi. Gozbert alipata kazi ya jikoni kwa Mzungu mmoja, akisafisha sufuria na kupiga pasi.

Sasa tumefika kwenye mguu.

Jumamosi, tarehe 14 Agosti, 1937, timu ya Ghala ilicheza mechi ya kombe na timu ya vijana wa Kunduchi na Mbweni, hapo Mnazi Mmoja. Mshambuliaji wao alikuwa Jabiri bin Hija, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwepesi, na wote waliokuwapo watakumbuka kwamba dakika za mwisho yeye na marehemu waliufuata mpira mmoja, wakagongana goti kwa goti, wakaanguka wote wawili. Jabiri aliinuka, marehemu naye akainuka, akachechemea mpaka mwisho wa mchezo, akarudi Temeke kwa miguu yake mwenyewe, ameegemea fimbo. Goti lilivimba, mguu ulikuwa mzima.

Jumapili, tarehe 15 Agosti, ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Baada ya misa vijana wa Bukoba walikusanyika kule Temeke, kwenye mchanga ulio nyuma ya mikorosho, kucheza kidogo, na Mzee Mwinshehe hakuwapo, alikuwa arusini Mbagala. Walikuwa watano tu, Adelard, Gozbert na wenzao watatu, ambao wawili wamekwisha kufa na mmoja alirudi kwao siku nyingi. Wakati ule sote tulicheza pekupeku, na ilikuwa desturi isiyohitaji kusemwa kwamba mtu akiwa na viatu huviweka nyuma ya goli, hakuna kuingia na viatu kati ya miguu mitupu. Wiki hiyo Mzungu wa Gozbert alikuwa amempa njumu zake za zamani. Gozbert alizivaa. Alitaka kaka yake amwone nazo, hapakuwa na sababu nyingine, alikuwa na miaka kumi na minane na hajawahi kuwa na kitu ambacho kaka yake hana.

Marehemu, aliyekuwa amekaa pembeni na goti lake, alimwambia vua hizo, utaumiza watu. Gozbert akamjibu kwamba hayo ni maneno ya wivu. Marehemu akainuka, akacheka, akaingia uwanjani akichechemea, akasema haya, njoo nikunyang'anye mpira uone viatu vyako vinasaidia nini. Gozbert alikuja kwa nguvu zake zote, mpira ukapita, mguu wa Gozbert haukupita. Muundi wa mguu wa kulia wa marehemu ulivunjika chini kidogo ya goti, na ulilia kama muhogo mkavu mtu anapouvunja apate kuutia kinuni. Mama wee! Sauti ile Gozbert anaisikia mpaka leo, anapokula, anapofunga kamba ya kiatu, hata sasa akisoma.

Marehemu hakupiga kelele. Walimbeba ndani, akalala mpaka Jumatatu asubuhi, na walipomlaza juu ya ubao wa mlango kumpeleka hospitali alimshika Gozbert mkono, akamwambia, ni Jumamosi, umesikia? Ni Jumamosi. Gozbert alielewa mara moja. Mchezaji wa Ghala aliyeumia katika mechi ya Ghala alitibiwa na Ghala na hakufukuzwa, lakini aliyeumia akicheza na ndugu zake mchangani ni mzembe, kwake kazi hakuna, na aliyemvunja beki wa Bwana Mkubwa kwa njumu angepakiwa kwenye treni na kurudishwa Bukoba wiki hiyohiyo. Daktari aliuliza ni lini, marehemu akajibu Jumamosi. Bwana Mkubwa aliuliza, akajibu Jumamosi. Jina la Jabiri hatukulitaja hata mara moja, hakukuwa na haja, mji mzima ulikuwa umekwisha kulitaja.

Siku ya tatu Jabiri alikuja wodini na mama yake, Bi Somoe, wamebeba samaki wa kukaanga katika kikapu. Jabiri alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akasema, nisamehe kaka Adelard, haki ya Mungu mie sikuusikia ukivunjika. Marehemu alimtazama sana. Kisha akamwambia, inuka, huo ni mpira tu. Gozbert alikuwa amesimama dirishani, njumu amezifukia shambani kwa Mwinshehe, na hakufungua mdomo.

Marehemu hakucheza tena. Mguu uliunga vibaya, ukawa mfupi, wote mnaujua mkongojo wake. Jabiri naye hakucheza tena. Alijaribu mara mbili mwaka 1938, na kila alipogusa mpira watu walimzomea, wakimwita Mvunja Kuni, na jina hilo, kwa kuwa leo tunasema kweli, alilianzisha Mzee Mwinshehe kwa uchungu wa kumpenda marehemu. Uchumba wake uliharibika, wazazi wa binti walisema hawataki mkwe mwenye mguu mbaya. Akarudi Kunduchi kwenye samaki, na tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, alikuja na baiskeli mpaka mlangoni kwa marehemu, analeta changu au tasi, anaulizia mguu, hakai, anaondoka. Miaka kumi na minane. Samaki hao tuliwala.

Mwaka 1939 Ghala lilimfanya marehemu mwalimu wa timu, na hapo wengi mliopo mmepita mikononi mwake. Hakupenda kelele. Alikaa juu ya debe la mafuta ya taa kando ya mstari, na mabeki wake aliwafunga wawili wawili, mkono kwa mkono, kwa kipande cha kanga ya mkewe, wakimbie hivyo mazoezi mazima mpaka mmoja akigeuka mwenzake anageuka bila kuitwa. Aliwafundisha kutazama kitovu cha mshambuliaji wasitazame miguu yake. Timu ya Ghala ilichukua kombe mwaka 1947, na tena mwaka 1952, na mara zote mbili Bwana Mkubwa alisimama mbele ya watu akasema huyu ni mtu aliyeutoa mguu wake kwa ajili ya Ghala. Watu walipiga makofi. Marehemu alitazama chini, nanyi mkadhani ni unyenyekevu.

Mwezi wa Februari, 1946, alikwenda Kunduchi peke yake kumtafuta Jabiri, akidhamiria kumwambia. Alimkuta na mama yake wanaanika samaki. Badala ya kumwambia, alimwomba aje kuwafundisha washambuliaji wa Ghala, na Jabiri akamjibu, mie na mpira basi, kaka, usije ukaponzwa na mkosi wangu. Marehemu alirudi jioni, akamwambia Gozbert kwamba alishindwa, kwamba alimwona yule mama, akashindwa. Gozbert alimwambia aache mambo ya zamani, nani anayakumbuka. Ghala lilimpa marehemu kazi na baadaye nyumba kwa ajili ya uongo ule, na Gozbert akala, akalala na akaoa katika kivuli chake.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Genoveva tarehe 3 Februari, 1940, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na Mungu aliwajalia watoto wanne, Avelina aliyezaliwa mwaka 1941, Wilbert mwaka 1944, mtoto wa kiume aliyeishi siku tisa mwaka 1946, na Jovina mwaka 1948. Mwaka 1949 walihamia hapa Kinondoni. Mama Genoveva hakuwahi kuambiwa habari ya mguu mpaka jana, na alipoambiwa, jambo la kwanza alilouliza ni nani atakayemweleza mtu yule habari ya samaki.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Juni mwaka huu wa 1956, uvimbe wa miguu yote miwili, kisha uso, na daktari akasema ni figo. Alilazwa tarehe 11 Oktoba. Yanayofuata hayakusemwa kikaoni jana, Gozbert hakuweza, na Mama Genoveva anayasikia sasa hivi pamoja nanyi.

Jumapili, tarehe 28 Oktoba, marehemu alimwita Gozbert karibu na kitanda, akamwambia, nenda Kunduchi ukaniitie Jabiri, nimwambie kwa mdomo wangu, kisha nife. Gozbert aliitikia, akapanda basi la Bagamoyo, akashuka njia panda ya Kunduchi. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na barabara ya kuingia kijijini ilikuwa tope, lakini haikuwa tope la kumzuia mtu. Aliingia hoteli iliyo pale njia panda, akaagiza chai na maandazi mawili, akakaa mpaka basi la kurudi lilipopita, akalipanda. Alimwambia kaka yake kwamba Jabiri amekwenda Mafia, atarudi baada ya wiki. Marehemu akasema, sawa, nitamngoja.

Alimngoja. Mlango wa wodi ukifunguliwa aligeuza shingo, akiona ni muuguzi anairudisha. Alikataa dawa ya usingizi, akisema asije akapitwa na mgeni. Jumamosi, tarehe 3 Novemba, Jabiri alifika hapa mlangoni na baiskeli yake kama kawaida, Mama Genoveva akiwa hospitali, na aliyempokea alikuwa Gozbert. Jabiri aliuliza hali, kisha akaomba, naweza kwenda kumwona kaka japo kidogo? Gozbert akamjibu kwamba daktari amekataza wageni. Jabiri akasema, basi mpe salamu zangu, mwambie namwombea. Gozbert alipokea samaki, wakapikwa, akala. Salamu hakuzifikisha.

Aliogopa, ndiyo sababu yenyewe, wala hana nyingine ya kuipamba. Aliogopa kwamba kaka yake akikiri, yeye atabaki hai peke yake mbele ya yule mtu.

Marehemu Adelard Gregori Rutaihwa alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Novemba, 1956, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, ameshapakwa mafuta matakatifu, na uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni. Wengi mmeuliza tangu juzi kwa nini mdogo wa marehemu halii. Hajui. Ameandika tarehe zote hizi, amezihakikisha moja moja, na machozi hayaji, kifuani pamekufa ganzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa upole, Padri wetu aliyemtembelea kila siku, majirani wa Kinondoni, Wakristo na Waislamu, kwa mikeka, kwa maji na kwa kuni, akina mama waliopika bila kulala, mafundi wa Ghala waliolichonga jeneza, na vijana wa timu waliochimba kaburi tangu alfajiri. Mzee Mwinshehe tunamshukuru kwa mapenzi yake, na tunamwomba jina lile alilolianzisha alizike leo pamoja na marehemu.

Bwana Jabiri bin Hija hatuwezi kukushukuru, shukrani kutoka kwetu ingekuwa ni ufidhuli. Tunakuambia tu mbele ya watu hawa wote kwamba hukumvunja mtu. Jumamosi ile uligongana goti na beki, kama wachezaji wagonganavyo kila siku, mkaanguka, mkainuka. Mguu wa Adelard ulivunjwa Jumapili, na aliyeuvunja ni Gozbert, na aliyemnyima marehemu nafasi ya kukuambia haya ni huyohuyo Gozbert. Wazee wako waliotangulia hawatayasikia, Bi Somoe hatayasikia, hilo nalo tunalijua.

Jeneza litabebwa na watu sita mpaka makaburini, na kwa kawaida mdogo wa marehemu hushika mbele, upande wa kulia. Gozbert hatashika. Mahali hapo ni pako, Bwana Jabiri, ukipenda. Usipopenda, ondoka zako kwa heshima yako, hakuna atakayekufuata wala kukubembeleza, na tutakwenda na watu watano.

Kaka Adelard, Jabiri amefika. Pumzika kwa amani.